Vitanda Baridi vya Milimani: Nafuu ya Kodi Imfae Nani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Lakini yafaa tujiulize: mgeni akija siku kumi tu katika mwaka, kisha akafunga mlango wake na kwenda zake, na mlango ule ukabaki umefungwa miezi kumi na moja, mwenyeji ataponaje? Swali hili ndilo linalowasumbua leo watu wa milima ya Alpi nchini Ufaransa, na ndilo tunalotaka kulizungumza na wasomaji wetu.

Katika miinuko ya nchi ile yamesimama majumba makubwa ya ghorofa yaliyojengwa katika miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya wageni wa majira ya baridi. Majumba hayo yamezeeka. Kuta zake zapitisha baridi, madirisha yapitisha upepo, na hita za umeme zatafuna fedha usiku na mchana. Serikali imetunga sheria kwamba nyumba inayopoteza joto kiasi hicho mwishowe haitaruhusiwa kupangishwa. Wenye nyumba nao wasema: ikiwa Serikali yataka tuzikarabati, basi na itupunguzie kodi. Ndipo ulipozuka mjadala, na si mjadala mdogo: je, ni haki mapato ya umma yaachwe ili mtu mwenye nafasi azibiwe madirisha ya nyumba yake ya pili?

Huenda msomaji akasema, mambo ya theluji yatuhusu nini sisi? Twamjibu kuwa theluji haituhusu, lakini kodi yatuhusu. Hakuna Serikali duniani isiyotoa nafuu ya kodi ili kuvuta mitaji, na hakuna raia alipaye kodi asiye na haki ya kuuliza nafuu hiyo imezaa nini. Kisa cha majumba ya Alpi chaonyesha kwa uwazi namna nafuu ya kodi inavyoweza kujenga, na namna nafuu hiyo hiyo inavyoweza kuharibu ile kazi iliyoijenga.

Asili ya majumba haya

Baada ya Vita Kuu ya Pili vijiji vingi vya Savoie na mikoa jirani vilikuwa vikihamwa. Vijana walishuka mabondeni kutafuta kazi za viwanda, wazee wakabaki na ng'ombe wao na majira marefu ya baridi. Mwaka 1946 baraza la mkoa wa Savoie lilianza kujenga kituo cha Courchevel 1850 kwa ajili ya mchezo wa kuteleza thelujini. Mmoja wa wasanifu wake, Laurent Chappis, alikuwa ameanza kuiwaza mipango ya milima ile akiwa mateka wa vita huko Austria. Jambo la kukumbukwa ni kwamba kazi ile ilianzishwa na mamlaka ya umma. Hakuwa tajiri mmoja aliyeota ndoto ya faida. Ilikuwa halmashauri iliyotaka watu wake wasihame.

Hali kadhalika La Plagne, iliyofunguliwa Desemba 1961. Bonde lile lilikuwa na mgodi wa risasi na fedha, lakini mgodi hauna umri wa milele, nao ukafungwa mwaka 1973. Kabla ya siku hiyo kufika, Daktari Pierre Borrione, meya wa mji wa Aime, aliwashawishi viongozi wa vijiji jirani waungane na kuleta kazi nyingine juu ya mlima. Alijua kuwa mtu hangoji kisima kikauke ndipo aanze kuchimba kingine.

Mwaka 1964 Serikali ya Ufaransa iliingia kwa nguvu zake zote. Uliletwa ule ulioitwa Mpango wa Theluji, na mhandisi wa Serikali, Maurice Michaud, akawa kama jemadari wake. Nia ilikuwa tatu: kuleta fedha za kigeni, kuwazuia Wafaransa wasipeleke fedha zao kwenye milima ya Uswisi na Austria, na kuzuia vijiji visife. Vituo vilijengwa juu sana, mahali ambapo hapakuwa na kijiji, ili theluji ipatikane kwa uhakika na mgeni atoke mlangoni mwake akiwa amekwisha vaa mbao zake za kutelezea.

Wasanifu mashuhuri waliitwa. Marcel Breuer, mzaliwa wa Hungaria ambaye pia alikuwa mmoja wa wasanifu wa makao makuu ya UNESCO mjini Paris, alijenga Flaine kwa zege tupu. Charlotte Perriand na wenziwe walijenga Les Arcs, ambako hata bafu zilitengenezwa kiwandani zikiwa kipande kizima, zikaletwa mlimani na kuingizwa mahali pake. Fleti zilikuwa ndogo, nyingi hazizidi mita za mraba 30, zenye vitanda vya kupandana. Nia yake ilikuwa njema: mfanyakazi wa mjini, mwenye likizo yake ya malipo, naye aweze kuiona theluji, si lodi peke yake.

Ujenzi ule ulikwenda kwa kasi hata watu wakaanza kuogopa kuwa mlima mzima utageuka zege. Agosti 1977 Rais Valéry Giscard d'Estaing alihutubia huko Vallouise na kuitangaza siasa mpya ya kulinda milima, na tarehe 9 Januari 1985 ikapitishwa Sheria ya Milima. Lakini majumba yalikwisha kusimama.

Ugonjwa wenyewe

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Majumba haya yalijengwa zama ambazo mafuta yalikuwa rahisi. Sheria ya kwanza ya Ufaransa iliyowalazimisha wajenzi kuzivika nyumba mpya tabaka la kuhifadhi joto ilikuja mwaka 1974, baada ya nchi zenye mafuta kupandisha bei mwaka 1973. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo haikuwa na sharti lolote. Zege la sakafu lilipita moja kwa moja kutoka chumbani hadi kwenye roshani, likawa kama mkono wa sufuria unaochukua moto na kuupeleka nje. Vioo vya madirisha vilikuwa vya tabaka moja. Na kwa kupasha joto, wajenzi wengi walitundika hita za umeme ukutani, kwa kuwa hita hizo ni rahisi kununua na hazihitaji bomba wala dohani. Aliyejenga aliokoa fedha. Aliyenunua ndiye analipa hadi leo. Kamba hukatikia pabovu, na mahali pabovu katika biashara ya nyumba ni pale mjenzi na mlipa bili wanapokuwa watu wawili wasiojuana.

Leo kila nyumba nchini Ufaransa inayouzwa au kupangishwa yapaswa kuwa na cheti cha matumizi ya nishati, chenye herufi saba kuanzia A hadi G. Kipimo chake ni kilowati-saa, ambazo sisi twaziita uniti, kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kwa vipimo vya kawaida, nyumba ikizidi uniti 420 ni ya daraja la G, na kuingia daraja la D yapasa isizidi 250. Fleti ndogo sana na zile za miinuko zimewekewa vipimo vyenye nafuu kidogo, kwa haki, kwani hakuna awezaye kuishi mita 2,000 juu ya bahari kwa moto wa mtu wa pwani.

Hesabu hiyo ina jambo moja ambalo msomaji asilipite. Umeme hauhesabiwi kama unavyosomwa kwenye mita. Huzidishwa kwanza, ili kuhesabu nishati iliyopotea njiani tangu kwenye mtambo. Zamani kila uniti ilizidishwa kwa 2.3. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 huzidishwa kwa 1.9. Basi fleti inayotumia uniti 190 za umeme kwa kila mita ya mraba ilikuwa na 437 katika cheti, yaani daraja la G; sasa ina 361, yaani daraja la F. Haikubadilishwa kioo hata kimoja, wala haikuzibwa tundu moja. Hatusemi kuwa mageuzi hayo hayana hoja. Twasema tu kuwa cheti kimepona na mgonjwa yungali kitandani.

Kuna na ugonjwa wa pili, nao ni mbaya kuliko wa kwanza. Watu wa milimani hugawanya vitanda vya wageni katika mafungu. Kitanda kinacholaliwa zaidi ya majuma kumi na mawili kwa mwaka huitwa kitanda chenye joto. Kile kisichofika majuma manne huitwa kitanda baridi. Fleti inapozeeka, mpangaji huikataa. Mwenyewe, ambaye huenda akaishi Paris, London au Brussels, huona taabu ya kuikarabati, akaiweka kwa ajili ya jamaa zake siku chache za Februari. Dirisha lafungwa. Duka la mkate lililo chini yake lapoteza mteja, mwalimu wa kuteleza apoteza mwanafunzi, vigari vya waya vyapanda vitupu, na halmashauri yabaki na barabara za kufagia theluji, mabomba ya maji na mitambo ya maji machafu iliyojengwa kwa kipimo cha mji mzima uliojaa watu.

Kisha wajenzi huja na kusema: vitanda havitoshi, tupeni ardhi tujenge vingine. Na huku mtumishi wa hoteli, aliyetoka mbali kufanya kazi ya msimu, hapati chumba cha kulala, hata wengine hulala ndani ya magari yao katika baridi kali. Nyumba tupu juu, mfanyakazi hana pa kulala chini. Aibu kama hiyo haihitaji mtaalamu wa uchumi kuieleza.

Sheria na mianya yake

Tarehe 22 Agosti 2021 Ufaransa ilipitisha sheria ya tabianchi iliyoweka ratiba: nyumba za daraja la G zisipangishwe kuanzia mwaka 2025, za F kuanzia 2028, na za E kuanzia 2034. Sheria njema, lakini ilihusu makazi ya kudumu. Fleti zinazopangishwa kwa watalii kwa siku au majuma hazikutajwa. Hivyo ukafunguliwa mlango wa nyuma: mwenye fleti iliyokataliwa kwa mpangaji wa mwaka mzima aliweza kumpangisha mtalii, akapata fedha zaidi. Mlinzi kasimama mlangoni, na mwizi kapita dirishani.

Mlango huo ulifungwa na sheria ya tarehe 19 Novemba 2024, iliyoletwa Bungeni na wabunge wawili wa vyama visivyoelewana, Annaïg Le Meur na Iñaki Echaniz. Kwa sheria hiyo, kuanzia mwaka 2034 fleti ya kupangisha watalii nayo yapasa iwe daraja la D au zaidi, isipokuwa ile ambayo ndiyo makazi makuu ya mwenyewe. Meya aweza kudai kuonyeshwa cheti, na mkaidi aweza kutozwa hadi yuro 5,000. Sheria hiyo hiyo ilipunguza na unafuu wa kodi ya mapato uliokuwa ukiwapendelea wapangishaji wa watalii: mwenye fleti isiyo na nyota za uainishaji, aliyekuwa akisamehewa nusu ya mapato yake katika hesabu ya kodi, sasa husamehewa asilimia 30, kwa mapato yasiyozidi yuro 15,000 kwa mwaka, na aliye na nyota alishushwa kutoka asilimia 71 hadi 50.

Kwa hiyo fimbo ipo. Je, na chakula kipo? Hapa ndipo panapouma. Msaada mkubwa wa Serikali wa kukarabati nyumba, uitwao MaPrimeRénov', ulioanza mwaka 2020, ni kwa makazi makuu tu. Hata jengo la ghorofa likiomba kwa pamoja, yapasa robo tatu ya fleti zake ziwe makazi ya kudumu, au asilimia 65 kwa jengo dogo. Katika kituo cha mlimani jengo kama hilo halipatikani. Nafuu nyingine ya kodi, iliyoongezwa mara mbili mwishoni mwa 2022 kutoka yuro 10,700 hadi 21,400 kwa mwenye kuiondoa nyumba katika madaraja mabaya, ni ya wapangishao nyumba zisizo na samani. Fleti ya likizo, yenye vitanda na sufuria zake, haimo. Iliyobaki ni kodi ya ongezeko la thamani iliyopunguzwa hadi asilimia 5.5 kwa kazi za kuokoa nishati, pamoja na vyeti ambavyo makampuni ya nishati hulazimika kuvigharimia. Hiyo ni nafuu, lakini ni ndogo mbele ya gharama ya kuvika jengo zima.

Na jengo zima ndilo neno lenyewe. Mtu mmoja aweza kubadilisha hita yake, lakini hawezi kuivika kuta ya ghorofa yake peke yake na kuziacha ghorofa nyingine tupu. Kwa sheria ya Julai 10, 1965 kazi kama hiyo huamuliwa kwa kura katika mkutano wa wenye nyumba, na mkutano huo huwa na watu hata mia, walioko miji mbalimbali, wengine wazee wasiokuja tena mlimani, wengine warithi wanaogombana. Mahali pengine, kama Flaine, baadhi ya majengo yamewekwa katika orodha ya urithi wa taifa, na zege lake halifunikwi kwa urahisi. Basi asiyetaka kugharimika ana njia nyepesi: aache kupangisha. Sheria haimkatazi kukaa mwenyewe katika fleti yake ya daraja la G. Hivyo sheria iliyonuia kuokoa nishati yaweza ikazidisha vitanda baridi, na bonde likapata hasara mbili.

Kodi iliyojenga na kodi iliyopoza

Wanaodai nafuu ya kodi husema kama kwamba haijapata kujaribiwa. La, imejaribiwa, na historia yake ni somo.

Mwaka 1999, Michelle Demessine alipokuwa na dhamana ya utalii katika Serikali, ilianza kutumika nafuu iliyopewa jina lake. Mtu aliyenunua fleti mpya katika jengo la watalii, katika maeneo yaliyohitaji kuinuliwa, alipunguziwa kodi ya mapato, kwa sharti la kuikodisha fleti kwa kampuni ya uendeshaji kwa miaka tisa. Aidha alirudishiwa kodi ya ongezeko la thamani aliyoilipa katika kununua. Baadaye ikaja nafuu ya Censi-Bouvard, iliyompunguzia mnunuzi asilimia 11 ya bei. Majengo yakaota kama uyoga. Lakini miaka tisa ilipotimia, wengi waliotimiza sharti walijitoa katika mkataba. Nafuu ilikuwa imekwisha ingia mfukoni. Kitanda kilichokuwa na joto kikaanza kupoa, na pembeni yake jengo jipya, lenye nafuu mpya, likaanza kuinuka. Serikali ilikuwa ikilipia kupoa kwa vitanda bila kujua.

Ndipo kosa likatambuliwa. Kuanzia 2017 hadi 2019 nafuu iligeuzwa: badala ya kununua jipya, mwenye fleti katika jengo la watalii lenye umri wa miaka 15 au zaidi alipunguziwa kodi kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati, zikiwamo za kuokoa nishati na kurekebisha kuta za nje, mradi kazi iwe imeamuliwa na mkutano wa wenye nyumba, na yeye aendelee kuikodisha fleti kwa miaka mitano. Gharama iliyohesabiwa haikuzidi yuro 22,000 kwa fleti; yaani nafuu yake ya juu kabisa ilikuwa yuro 4,400.

Twaona kuwa wazo lile lilikuwa sahihi na kipimo chake kilikuwa kifupi. Sahihi, kwa sababu liliwalipa watu kutunza badala ya kuwalipa kuongeza, na lilimfunga kila mmoja kwa kura ya jengo na kwa ahadi ya kupangisha. Fupi, kwa sababu liliishi miaka mitatu tu, na mkutano wa watu mia hauwezi kujadili, kupata ramani, kupiga kura na kutafuta fundi katika muda huo. Na kwa sababu liliwahusu walio chini ya kampuni moja ya uendeshaji, huku majumba mengi ya zamani yakiwa na wenyewe waliotawanyika, kila mmoja na ufunguo wake.

Tulionalo sisi

Hoja ya wanaopinga ni nzito, na hatuwezi kuipita kimya. Mfanyakazi wa kiwandani aliyepanga chumba mjini, asiye na nyumba ya kwanza, atalipaje kodi ili mwenye nyumba ya pili apate joto? Kodi ni mchango wa wote, na asiye nacho haifai achangie starehe ya aliye nacho. Tena wapo wasemao kuwa theluji yenyewe inakwenda. Huko Col de Porte, mita 1,325 juu ya bahari, ambako wataalamu hupima theluji tangu karibu 1960, wastani wa kina chake cha majira ya baridi umepungua karibu sentimeta 40 kati ya miaka 30 ya mwanzo na 30 ya baadaye. Februari 2024 Mahakama ya Hesabu ya Ufaransa ilitoa ripoti ikionya kuwa uchumi wa kuteleza thelujini unaishiwa pumzi. Kwa nini basi kukarabati vitanda vya mlima usiokuwa na theluji?

Jibu letu kwa hoja ya kwanza ni hili: nafuu isitolewe kwa ajili ya mwenye nyumba, itolewe kwa ajili ya bonde. Anayelipwa si mtu kwa kuwa na fleti, bali ni kazi iliyofanyika: nishati iliyookolewa na kitanda kilichofunguliwa. Tofauti hiyo si ya maneno. Nafuu isiyo na sharti ni zawadi kwa tajiri, na nafuu yenye sharti lililoandikwa ni ujira wa huduma. Kuna na sababu ya ardhi: sheria ya 2021 yataka uharibifu wa ardhi kwa ujenzi upungue kwa nusu ifikapo 2031 na ukome ifikapo 2050. Asiyeweza kujenga jipya hana budi kutunza la zamani.

Jibu kwa hoja ya pili ni kwamba isikarabatiwe kila nyumba. Serikali ya busara yachagua. Kituo kilicho juu, au chenye maisha ya kiangazi na wakazi wa kudumu, kisaidiwe. Kile ambacho mustakabali wake umekwisha, wenyeji wake wasaidiwe kupata kazi nyingine. Kumwaga fedha kila mahali ni sawa na kumwagilia shamba na barabara pamoja.

Kwa hiyo, lau tungeulizwa, tungesema hivi. Kwanza, nafuu itolewe kwa jengo zima lililopiga kura, isiwe ya fleti moja moja, ili yule anayetaka kazi ifanyike awe na hoja ya kuwashawishi wenziwe mkutanoni. Pili, sehemu kubwa ilipwe baada ya kazi kupimwa, kwa uniti zilizosomwa kwenye mita kabla na baada, kuliko kwa herufi ya karatasi peke yake. Tatu, anayepokea ajifunge kuifungua fleti yake kwa wageni majuma yasiyopungua kumi na mawili kwa mwaka, kwa miaka mingi kuliko ile tisa iliyotuonyesha udhaifu wake, na akivunja ahadi arudishe fedha. Nne, katika kila jengo lililosaidiwa, vyumba kadhaa vitengwe kwa wafanyakazi wa msimu kwa kodi wanayoimudu. Sheria ya Milima ya mwaka 2016 imekwisha ziagiza halmashauri za watalii kufanya mapatano juu ya makazi ya wafanyakazi hao. Basi fedha na zifuate agizo.

Na wale wasiotaka kukarabati wala kupangisha? Hao nao wasikilizwe, kwani mali ni yao. Lakini halmashauri ina haki yake. Tangu 2023 kodi ya makazi imefutwa kwa nyumba ya kwanza na imebaki kwa nyumba ya pili, na halmashauri nyingi za watalii zimeruhusiwa kuiongeza kwa asilimia 5 hadi 60. Mapato hayo yakiwekwa katika mfuko wa kukarabati majengo ya bonde lile lile, dirisha lililofungwa litasaidia kulifungua jingine. Hakuna haja ya kumwonea mtu. Kuna haja ya kila mtu kuona kuwa kufunga nako kuna gharama.

Mwaka 2030 Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi itafanyika katika milima hii ya Alpi ya Ufaransa. Hapana shaka zege jipya litamwagwa na bendera zitapepea. Lakini kipimo cha busara ya nchi ile hakitakuwa uwanja uliojengwa kwa majuma mawili. Kipimo kitakuwa ni madirisha mangapi ya La Plagne, Les Menuires na Tignes yatakuwa na taa mwezi wa Machi, mwezi wa Juni na mwezi wa Oktoba, siku ambazo hakuna mpiga picha.

Kwetu sisi somo ni jepesi kulisema na gumu kulitenda. Nafuu ya kodi ni matumizi ya Serikali, sawasawa na fedha inayotoka hazina kununua dawa au madaftari. Kasoro yake ni kwamba haionekani ikitoka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nafuu basi na iwe na daftari lake: amepewa nani, kwa kazi gani, kwa muda gani, na kazi ile imeonekana wapi. Wafaransa walilipia ujenzi wa nyumba na wakasahau kulipia utunzaji wake, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wao sasa wausoma katika bili za umeme. Sisi tungali na nafasi ya kuzitazama nyufa zetu mapema, huku udongo wa kuzibia ungali rahisi.